Sauti Inayovunjwa kwa Makusudi: Yodeli katika Muziki wa Marekani, 1839–1950

Yodeli ni uimbaji unaoruka ghafla kutoka sauti ya kifua kwenda sauti ya kichwa, kisha ukarudi, bila kuuficha mruko wenyewe. Koo la kila binadamu lina mpaka kati ya sauti hizo mbili. Mtu anapoimba chini, nyuzi za sauti huwa nene na hutetemeka zote. Anapopanda juu, misuli huzivuta zikawa nyembamba, na kinachotetemeka zaidi ni kingo zake. Mwimbaji wa opera hufundishwa kwa miaka mingi kuuvuka mpaka huo bila msikilizaji kugundua. Mwimbaji wa yodeli hufanya kinyume chake: huufikia mpaka, huuvunja waziwazi, na mvunjiko huo ndio ufundi wake.

Kwa kawaida yodeli haina maneno. Ina silabi tupu, lakini silabi hizo hazichaguliwi ovyo. Irabu pana kama "o" na "a" hutulia kifuani, na irabu finyu kama "i" na "u" hupaa kichwani kwa urahisi, kwa hiyo mwimbaji hupanga irabu zake kufuata njia ya sauti yake. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, kilicho karibu zaidi na yodeli ni vigelegele. Tofauti ni kwamba vigelegele hutengenezwa na ulimi unaocheza mdomoni wakati sauti imekaa juu palepale, ilhali yodeli hutengenezwa kooni, na sauti yenyewe ndiyo inayopanda na kushuka.

Mbinu hii haina mwenyewe mmoja. Wachungaji wa milima ya Alps, kuanzia Uswisi hadi Bavaria ya Ujerumani na Tirol ya Austria, waliitumia kuitana kutoka bonde hadi bonde na kuwaita ng'ombe wao. Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Congo, huiimba kwa kundi, kila mtu na kipande chake, sauti zikasukana bila kiongozi mmoja. Na nyimbo za namna hiyo za Waaka wa Afrika ya Kati zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2003 kuwa urithi wa binadamu wote. Waimbaji hao wa misituni hawakufundishwa na Mswisi yeyote. Jambo hili lafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa sababu historia ya yodeli nchini Marekani imezoea kusimuliwa kama safari ya njia moja, kutoka kwa mchungaji wa Alps hadi kwa kauboi wa Texas, na masimulizi hayo yanawaruka watu wengi waliokuwa katikati.

Yodeli iliingia katika burudani ya Marekani kwa mlango wa jukwaa la kulipia kiingilio. Familia ya Rainer kutoka bonde la Zillertal, huko Tirol, ilikuwa imekwishapata jina Uingereza tangu mwaka 1827, ikivaa mavazi ya kijijini na kuimba nyimbo za milimani kwa sauti nne. Mwaka 1839 kundi la pili la familia hiyo, likiongozwa na Ludwig Rainer, lilivuka bahari na kuzunguka miji ya Marekani hadi mwaka 1843. Wamarekani wa wakati ule walikuwa wamezoea kwaya za kanisani na waimbaji wa peke yao. Kundi dogo la ndugu wanaopatanisha sauti zao kwa ulaini, kisha sauti moja ikaruka juu ya nyingine kwa yodeli, lilikuwa jambo jipya kwao.

Ziara hiyo ilizaa matunda mawili yaliyopingana kabisa. La kwanza lilikuwa Hutchinson, familia ya wakulima wa New Hampshire iliyojifunza upatanishi wa sauti kwa kuwafuata akina Rainer, kisha ikautumia kuimba dhidi ya utumwa katika mikutano ya hadhara. La pili lilikuwa kejeli za maonyesho ya minstreli. Hayo yalikuwa maonyesho ya Wazungu waliojipaka usoni unga wa kizibo kilichochomwa, wakajifanya Waafrika watumwa ili wachekwe. Kundi la kwanza kamili la aina hiyo, Virginia Minstrels, lilipanda jukwaani New York mwaka 1843, mwaka uleule akina Rainer walipomaliza ziara yao. Waigizaji hao walifanyia mzaha kila kilichopendwa mjini, na upesi waimbaji wa Tirol wakawa sehemu ya mzaha huo: mtu mwenye uso wa masizi akiimba yodeli ya Alps. Hadhira ilicheka, lakini huku ikicheka ilikuwa ikijifunza yodeli. Ukweli huu ni mchungu, nao hauna budi kusemwa: kwa miaka mingi sauti hiyo ilisambazwa Marekani na biashara ya kuwadhalilisha watu weusi.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yodeli ilipata kazi nyingine. Mwaka 1870 mwigizaji Joseph K. Emmet alianza kuigiza mchezo wa Fritz, kijana Mjerumani aliyehamia Marekani, mwenye Kiingereza kibovu na moyo mwema. Mchezo huo ulipendwa mno, akauendeleza kwa matoleo mengine kwa miaka ishirini hivi, hadi karibu na kifo chake. Fritz aliimba, alicheza ngoma na kubembeleza watoto kwa yodeli. Kuanzia hapo yodeli na wimbo wa kumlaza mtoto vilishikana. Mbinu iliyokuwa mwito wa mlimani, wa kupaza sauti kadiri mtu awezavyo, iligeuka kuwa kitu cha ndani ya nyumba, cha upole, cha kumtuliza anayelia. Bila badiliko hilo si rahisi kuelewa yaliyofuata, maana nyimbo za yodeli zilizodumu zaidi kuliko zote Marekani zilikuwa nyimbo za kumlaza mtoto, na mmojawapo, "Sleep, Baby, Sleep", utaonekana tena na tena katika mhadhara huu.

Mashine ya santuri ilipokuja, yodeli ilikuwa tayari. Kabla ya mwaka 1925 hapakuwa na maikrofoni katika vyumba vya kurekodia. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa la bati na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyochora mfereji kwenye nta. Sauti nyingi zilipotelea humo. Ya yodeli, iliyo kali na yenye mipaka iliyo wazi, ilipita vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mwimbaji George P. Watson alianza kuirekodi "Sleep, Baby, Sleep", na aliirekodi mara nyingi kwa kampuni mbalimbali. Hakuna lililo la milimani katika rekodi za Watson ukiacha jina la mtindo wenyewe. Ni muziki wa ukumbi wa mjini, umepangwa vizuri, na mtu wa shamba la mbali kule Georgia au Mississippi aliweza kuununua na kuusikiliza mpaka akaukariri.

Hapa ndipo masimulizi ya kawaida yanapokosea. Hurukia moja kwa moja kutoka kwa Watson hadi kwa waimbaji wa Kizungu wa kusini katika miaka ya 1920, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Watafiti Lynn Abbott na Doug Seroff, kwa kupekua magazeti ya Wamarekani weusi ya mwanzo wa karne ya 20, walionyesha kwamba kumbi za burudani za watu weusi zilijaa yodeli. Monroe Tabor alitangazwa humo kwa kazi hiyo. Beulah Henderson, mwanamke mweusi, alipata jina kwa hiyohiyo. Na juu ya wote alikuwepo Charles Anderson.

Anderson anastahili kutazamwa kwa karibu. Alikuwa mwanamume aliyepanda jukwaani amevaa mavazi ya kike, na katika onyesho moja aliweka pamoja yodeli na bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Mnamo 1914, mwaka uleule mtunzi W. C. Handy alipouchapisha wimbo wake "St. Louis Blues", Anderson alikuwa tayari anauimba, na mwimbaji mashuhuri Ethel Waters alikumbuka kwamba kwake ndiko alikousikia wimbo huo mara ya kwanza. Mwaka 1923 kampuni ya OKeh ilimwita Anderson studioni, naye akarekodi, pamoja na nyimbo nyingine, "Sleep, Baby, Sleep" ileile ya Watson. Anaiimba kwa utulivu na usafi wa hali ya juu. Kila noti ya kichwani inasimama peke yake, kisha sauti inarudi kifuani bila haraka. Yeyote anayedhani kwamba yodeli na bluzi vilikutana kwa mara ya kwanza katika koo la Mzungu na aisikilize rekodi hiyo.

Wala Anderson hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1923 Bessie Smith, ambaye baadaye aliitwa malkia wa bluzi, alirekodi wimbo uitwao "Yodling Blues". Bluzi yenyewe ilikuwa na miruko ya sauti iliyotoka kwingine kabisa. Msafiri Frederick Law Olmsted, katika kitabu chake cha mwaka 1856 kuhusu majimbo ya utumwa, alieleza jinsi alivyoamshwa usiku na kundi la wafanyakazi weusi waliopumzika karibu na reli huko South Carolina. Mmoja wao alipaza ukelele mrefu wenye muziki, ukipanda na kushuka na kuvunjika hadi sauti ya juu kabisa. Akajibiwa na mwingine, kisha wote. Olmsted aliuita yodeli ya watu weusi. Ukelele wa namna hiyo uliendelea mashambani kwa vizazi vingi. Mwaka 1928 Tommy Johnson wa Mississippi aliirekodi "Cool Drink of Water Blues" huko Memphis, na sauti yake inapopaa mwishoni mwa mstari, ni ukelele wa shambani ulioingizwa katika wimbo wa gitaa.

Je, ukelele huo ulitoka Afrika moja kwa moja? Wapo wanaotaka jibu fupi, na jibu fupi halitoshi. Uimbaji wa kuruka kati ya kifua na kichwa upo katika sehemu kadhaa za Afrika, na watu wengi waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika ya Magharibi na ukanda wa Kongo na Angola. Mazingira yanaruhusu uhusiano huo. Lakini hakuna mnyororo wa ushahidi unaomfikisha mwimbaji fulani wa Mississippi kwenye kijiji fulani. Lililo wazi ni kwamba Mmarekani mweusi wa mwaka 1900 alikuwa na miruko ya sauti ya aina mbili karibu naye, mmoja wa shambani na mwingine wa jukwaani, na hakuona sababu ya kuitenganisha.

Waliotenganisha ni wauzaji wa santuri. Baada ya "Crazy Blues" ya mwimbaji mweusi Mamie Smith kuuzwa kwa wingi mwaka 1920, na baada ya mpiga fidla Mzungu Fiddlin' John Carson wa Georgia kurekodiwa Atlanta mwaka 1923, kampuni zilianza kuchapisha orodha mbili: moja ya wanamuziki weusi kwa wanunuzi weusi, nyingine ya wanamuziki wa Kizungu wa mashambani kwa wanunuzi wa Kizungu. Mtu mmoja, mtayarishaji wa rekodi Ralph Peer, alihusika na zote mbili. Nyimbo zilikuwa zilezile mara nyingi, na wanamuziki walisikilizana, lakini karatasi iliwagawa. Baadaye wanahistoria waliurithi mgawanyo huo wa karatasi wakaudhani ni mgawanyo wa muziki.

Upande wa Kizungu, santuri ya kwanza ya muziki wa kantri yenye yodeli ilirekodiwa mwaka 1924 na Riley Puckett, mpiga gitaa kipofu wa Georgia, kwa kampuni ya Columbia; nayo, kama ilivyotarajiwa, ulikuwa wimbo wa kumlaza mtoto. Mwaka uliofuata mwigizaji wa minstreli Emmett Miller, mzaliwa wa Macon, Georgia, alirekodi "Lovesick Blues" kule Asheville. Miller aliuendeleza ufundi huu hatua moja muhimu. Wengine walimaliza ubeti kwanza, kisha wakaanza yodeli. Yeye aliivunja sauti katikati ya neno, silabi ikaanza kifuani na kuishia kichwani, hata msikilizaji asijue kama mtu huyo anaimba au kwikwi ya kilio imemshika. Alikuwa Mzungu aliyepaka uso masizi, wakati ambapo maonyesho ya aina hiyo yalikuwa yanakufa, na jina lake likazama pamoja nayo. Uvumbuzi wake haukuzama.

Mwimbaji Mzungu aliyekuja kuipa sauti hii kazi mpya, Jimmie Rodgers, alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na alikulia Meridian, Mississippi, mji wa makutano ya reli. Baba yake alikuwa msimamizi wa kikosi cha ukarabati wa reli. Rodgers mwenyewe aliifanya kazi ya reli tangu ujana, akawabebea maji vibarua weusi waliotengeneza njia, kisha akawa mshika breki wa treni. Kwa vibarua hao alisikia nyimbo za kazi na bluzi. Kwa santuri na kumbi za mji alisikia yodeli. Alizunguka pia na maonyesho ya wauza dawa, na huko naye alipaka uso masizi kama ilivyokuwa desturi. Mwaka 1924 madaktari walimkuta na kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda, ikabaki ya kuimba.

Tarehe 4 Agosti 1927 alifika mbele ya maikrofoni ya Ralph Peer, aliyekuwa sasa akifanya kazi na kampuni ya Victor, katika jengo la kampuni ya kofia mjini Bristol, mji ulio juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Alikuja na wenzake wa bendi, wakakosana kabla ya kurekodi, naye akabaki peke yake na gitaa. Siku chache kabla, katika chumba hichohicho, familia ya waimbaji ya Carter ilikuwa imerekodi nyimbo zake za kwanza. Rodgers alirekodi nyimbo mbili. Ya pili ilikuwa "Sleep, Baby, Sleep". Alilipwa dola 100.

Wimbo ulikuwa wa zamani, na yodeli yake katika rekodi hiyo haimpiti Anderson kwa ufundi. Jipya lilikuja tarehe 30 Novemba mwaka uleule, studio za Victor mjini Camden, New Jersey, aliporekodi wimbo ulioitwa "Blue Yodel" tu. Muundo wake ni wa bluzi: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unajibu. Mwimbaji wa kawaida wa bluzi angeliachia gitaa lijaze nafasi iliyobaki mwishoni mwa ubeti. Rodgers aliijaza kwa yodeli. Si yodeli ndefu yenye mbwembwe. Ni vipande vichache vinavyopanda, vinavyokaa juu kidogo, kisha vinavyoporomoka polepole hadi kwenye sauti ya chini ya gitaa. Katika ubeti msimulizi anajigamba, anatisha, anamkana mwanamke aliyemsaliti. Yodeli inapoingia, majigambo yote yanadondoka, kinabaki kilio. Hiyo ndiyo kazi mpya aliyoipa sauti hii. Katika jukwaa la Fritz yodeli ilikuwa pambo, katika minstreli ilikuwa mzaha, na kwa Rodgers ikawa mahali ambapo maneno yanashindwa.

Maikrofoni ilikuwa na sehemu yake katika jambo hili. Rodgers hakuwa na sauti kubwa, na mapafu yake yalikuwa yanaharibika. Mbele ya pembe la bati la zama za Watson asingefika mbali. Maikrofoni ya umeme ilimruhusu aimbe kama mtu anayezungumza na mwenzake barazani, na ikanasa hata pumzi inayotangulia mruko.

Santuri ya "Blue Yodel" ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1928 na kuuzwa kwa mamia ya maelfu. Zilifuata nyingine za jina hilohilo zenye namba, hadi jumla yake ikawa 13. Victor walimzungushia kila aina ya wanamuziki: wapiga gitaa la Hawaii, bendi ndogo za jazi, wapiga fidla. Katika "Waiting for a Train", ya mwaka 1928, anaanza kwa kuiga filimbi ya treni kwa mdomo, kisha anaingia katika hadithi ya mtu asiye na nauli aliyeshushwa njiani. Mwaka 1929 alionekana katika filamu fupi, *The Singing Brakeman*, amevaa nguo za reli. Na tarehe 16 Julai 1930, mjini Hollywood, alirekodi "Blue Yodel No. 9" pamoja na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Majina ya Armstrong na mkewe hayakuwekwa kwenye santuri. Masikio, hata hivyo, hayadanganyiki: tarumbeta inamjibu Rodgers mstari kwa mstari, na mwanamuziki mweusi wa New Orleans na mshika breki wa Meridian wanaelewana bila kutafutana.

Rodgers aliimba hata juu ya ugonjwa wake. "T.B. Blues" ya mwaka 1931 inautaja waziwazi, katika wakati ambapo familia nyingi ziliuficha. Mei 1933 alikwenda New York kwa mara ya mwisho kurekodi nyimbo kadhaa. Victor walimwekea kitanda ajinyooshe kati ya wimbo na wimbo. Alifariki hotelini tarehe 26 Mei, siku mbili baada ya kumaliza, akiwa na miaka 35. Muda wake wote wa kurekodi haukufika miaka sita.

Waliomfuata ni wengi kiasi kwamba orodha yao inachosha. Gene Autry alianza kwa kumwiga hadi wasikilizaji washindwe kuwatofautisha. Jimmie Davis, aliyerekodi nyimbo za mtindo huohuo, alikuja kuwa gavana wa Louisiana. Ernest Tubb na Hank Snow, wa pili akiwa Mkanada, wote walianzia kwake. Bill Monroe, aliyeweka misingi ya muziki wa bluugrasi, alijitambulisha katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mwaka 1939 kwa "Mule Skinner Blues", ambayo ndiyo "Blue Yodel No. 8". Na kwa upande wa weusi alikuwepo Chester Burnett, kijana wa Mississippi aliyejulikana baadaye kama Howlin' Wolf. Alisimulia kwamba alijaribu kuimba yodeli kama Rodgers, koo lake likakataa, kilichotoka kikawa mngurumo na mlio wa mbwa mwitu. Mlio huo uliwatikisa wasikilizaji wa Chicago miaka ya 1950.

Kauboi aliingia katika habari hii kwa kuchelewa. Safari kubwa za kuswaga ng'ombe kutoka Texas zilifanyika zaidi kati ya miaka ya 1860 na 1880, na wachungaji wake wengi walikuwa weusi na Wameksiko. Kauboi anayepiga gitaa na kuimba yodeli juu ya farasi ni zao la redio na sinema za miaka ya 1930. Rodgers, aliyehamia Kerrville, Texas, mwaka 1929 na kupiga picha akiwa na kofia pana, alichangia picha hiyo. Autry na mwimbaji wa sinema Roy Rogers waliikamilisha.

Hata hivyo, mtindo huo wa kutungwa uliwafungulia mlango wanawake, na faida hiyo si ndogo. Ruby Blevins, mzaliwa wa Arkansas, aliyejulikana kwa jina la Patsy Montana, aliimba katika redio WLS ya Chicago. Mwaka 1935 alirekodi "I Want to Be a Cowboy's Sweetheart", wimbo alioutunga mwenyewe, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa mwimbaji wa kike wa kantri kuuzwa nakala milioni moja. Yodeli yake haililii kitu. Ina kasi, inang'aa, na inamweleza mwanamke anayetaka farasi wake mwenyewe na anga la kulala chini yake. Dada wawili wa familia ya DeZurik, kutoka shamba moja la Minnesota, walikwenda mbali zaidi: waliimba yodeli kwa sauti mbili zinazoruka kwa pamoja, wakaingiza milio ya ndege na kuku waliyojifunza nyumbani. Hakuna mwanamume wa zama zile aliyewafikia kwa wepesi wa koo.

Baada ya vita vya pili vya dunia yodeli ilianza kupungua, lakini kabla ya kufifia ilizaa tunda moja kubwa. Mnamo Desemba 1948 Hank Williams wa Alabama aliirekodi "Lovesick Blues", ileile ya Emmett Miller, akifuata toleo la mwimbaji Rex Griffin la mwaka 1939. Mwaka 1949 wimbo huo ulikaa nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri kwa wiki 16. Williams hakuimba yodeli kama kipande cha pekee. Aliivunja sauti ndani ya maneno, kama Miller. Kuanzia hapo mwimbaji wa kantri hakuhitaji tena silabi tupu. Mvunjiko wenyewe, ule wa sekunde moja katikati ya neno, ulibaki kuwa alama ya muziki wa kantri hadi leo.

Wakati huohuo santuri za Rodgers zilikuwa zimesafiri mbali. Zilisikilizwa Australia, India na Afrika ya Kusini, na zilifika Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, akikusanya muziki huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, alirekodi nyimbo tatu zenye jina "Chemirocha". Iliyojulikana zaidi iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, kwa matamshi ya waliomsikia kwenye gramafoni zilizoletwa na wageni. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamsihi acheze. Hawakuiga yodeli yake hata kidogo. Walichukua jina na mshangao wa sauti isiyo na mwili, wakavitia katika muziki wao kwa masharti yao wenyewe.

Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilizirudisha nakala zake kwa Wakipsigis, na baadhi ya wazee waliorekodiwa mwaka 1950 walikuwa bado hai kuzisikiliza.